SOMO LA VIKUNDI: KAZI YA KAMPUNI YA NG'AMBO – MWAJIRI WAKO NI NANI?



Tunapotembelea vikundi vya Matisi na vile vya upande wa Bungoma, kuna swali moja ambalo halikosi. Mama atauliza hivi, mzee atauliza vile, lakini swali ni lile lile: kijana wetu ameitwa kazi kwa kampuni kubwa, je, tushangilie ama tuogope? Wengine wanataka kikundi kiwakopeshe nauli, godoro na pesa ya kuanzia maisha Naivasha au Kericho. Wengine wamefikia kutaka kuuza kipande cha shamba ili mtoto "apate mlango".

Swali hili si dogo. Pesa za kikundi ni jasho la watu, na kijana naye ni jasho la watu. Kwa hiyo tumeandaa somo hili ili mjadiliane kabla ya kuamua. Linatosha mikutano miwili. Anayesoma vizuri asome kwa sauti, sehemu moja moja, halafu watu wazungumze. Tutafuata njia yetu ya siku zote: TAZAMA, PIMA, TENDA.

TAZAMA

1. Kampuni ya kimataifa ni kitu gani?

Ni kampuni yenye makao yake nchi moja na kazi zake katika nchi nyingi. Makao yanaweza kuwa London, Uholanzi, India au Sri Lanka. Lakini ikija Kenya, mara nyingi haiji kwa jina lake lenyewe. Inaandikisha kampuni nyingine hapa nchini. Ile ya ng'ambo tuiite kampuni mama, na hii ya hapa tuiite kampuni mtoto. Mkataba wako wa kazi unauandika na mtoto, si mama.

Tena siku hizi kuna ngazi ya tatu. Kampuni mtoto inampa kazi mtu wa kati, yaani ajenti, naye ndiye anayewaandika vibarua. Unavaa ovaroli yenye jina la kampuni kubwa, unaingia kwa geti lake, lakini anayekulipa ni ajenti ambaye ofisi yake ni chumba kimoja mjini.

Fikirieni nyumba ya orofa nyingi. Juu kabisa wako wenye hisa, ambao hawajawahi kukanyaga Kenya. Chini yao wako wakurugenzi, halafu meneja, halafu supavaiza, halafu mnyapara. Wewe uko chini kabisa, na unayemwona ni mnyapara peke yake. Ukimwuliza kwa nini siku zako hazikuhesabiwa, atasema ni amri kutoka juu. Ukiuliza juu ni wapi, hajui. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kuhusu kazi hii: anayeamua yuko mbali, na anayekuamrisha haamui.

2. Mazuri yake

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Kampuni kubwa ina mazuri yake. Nyingi zinalipa kwa tarehe inayojulikana, na pesa hupitia benki au simu. Makato ya uzeeni yanapelekwa. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yamejenga nyumba za wafanyakazi, zahanati, hospitali na shule. Watu wengi wa huku kwetu walisomeshwa kwa mshahara wa majani chai. Kijana anajifunza kufika kwa wakati, kutumia mashine na kufuata kanuni za usalama. Tena wanunuzi wa ng'ambo wakati mwingine wanaidai kampuni ionyeshe kwamba wafanyakazi wanatendewa vizuri, na hapo wakaguzi wanakuja kuuliza maswali.

Lakini mwenye kununua ng'ombe haangalii maziwa tu, anaangalia na kwato. Sasa tuangalie kwato.

3. Kampuni inaweza kuuzwa nawe ukiwa ndani

Chukueni mfano wa Kericho. Kampuni ya Brooke Bond ya Uingereza ilianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920. Mwaka 1984 Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai, Kericho ikiwa ndani, kwa CVC, kampuni ya kuwekeza fedha za matajiri. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba hayo ya Kenya yanauzwa kwa Browns ya Sri Lanka. Browns hao hao walikuwa wamenunua mwaka 2023 mashamba ya chai ya James Finlay ya hapa Kenya.

Hesabuni wenyewe: Brooke Bond, Unilever, CVC, Browns. Mchumaji aliyezaliwa kwenye nyumba ya kampuni na kuzeekea hapo amekuwa na mabwana wanne, na kikapu ni kile kile. Hakuna aliyekuja kumwuliza kama anakubali kuuzwa pamoja na shamba. Hatusemi kuuzwa ni uovu. Tunasema kwamba ahadi za mdomo za bwana wa zamani haziuzwi pamoja na shamba. Kinachovuka kwenda kwa bwana mpya ni kile kilichoandikwa.

4. Nyumba ya kazi si nyumba yako

Nyumba ya kampuni ni nzuri mpaka siku kazi inapokwisha. Siku hiyo unapoteza mshahara na paa kwa pamoja. Na kuna siku mbaya zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, makundi ya watu yalivamia mashamba ya chai Kericho. Wafanyakazi waliotoka sehemu nyingine za nchi walipigwa, wanawake walinajisiwa, nyumba zilichomwa na wengine waliuawa. Walionusurika walirudi kwao mikono mitupu. Yule aliyekuwa na kibanda na robo ekari nyumbani alikuwa na mahali pa kuanzia. Yule aliyekuwa ameuza kila kitu alikuwa mgeni kwao.

5. Mnyapara na mwili wa mfanyakazi

Hili tunaliandika kwa sababu wazazi wenye mabinti lazima walijue. Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha habari kutoka mashamba ya chai ya Kericho yaliyokuwa chini ya makampuni ya Uingereza. Wanawake zaidi ya 70 waliwaeleza waandishi jinsi wakubwa wao wa kazi walivyowadai mwili ili wapate kazi, ama wapewe kazi nyepesi. Baadhi ya wakubwa walisimamishwa baada ya habari hiyo kutangazwa. Kwenye makaratasi, makampuni hayo yalikuwa na kanuni nzuri sana za kuwalinda wanawake. Lakini kanuni ilikuwa ofisini, na mnyapara alikuwa shambani.

6. Mashine

Mei 2023 watu wenye hasira walichoma mashine za kuchumia chai huko Kericho. Kuchoma mali ya watu hatukubali. Lakini tunaelewa walichoogopa: mashine moja inafanya kazi ya wachumaji wengi, na haiombi likizo. Kijana anayekwenda leo kuchuma kwa mkono aulize: kazi hii itakuwepo miaka mitano ijayo? Na kampuni hii itanifundisha nini kingine?

7. Webuye: kampuni ikifa

Mfano ulio karibu kuliko yote ni kiwanda cha karatasi cha Webuye, Panpaper. Wazee wanaukumbuka mji huo ulipoitwa Broderick Falls. Kiwanda kilikuwa ubia wa Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper Mills ya India, na IFC ambalo ni tawi la Benki ya Dunia. Karatasi ya kwanza ilitoka mwaka 1974. Miti ililetwa kutoka misitu ya serikali. Hata mwaka 1999 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, Panpaper ilikuwa mojawapo ya makampuni machache yaliyoruhusiwa kuendelea.

Mji mzima ulikula kwa kiwanda hicho. Alikula mfanyakazi, akala mwenye nyumba za kupanga, akala mama wa maandazi, dereva wa lori, fundi wa baiskeli, mwalimu wa shule ya binafsi. Moshi nao ulikula mabati ya watu. Harufu ilisikika mbali, paa zikatoboka kwa kutu, na watu wa kando ya Mto Nzoia wakalalamikia maji. Lakini wengi walivumilia wakisema, moshi huo ndio ugali wetu.

Januari 2009 mashine zilinyamaza. Kiwanda kilikuwa na madeni makubwa, na deni la umeme lilikuwa mojawapo. Serikali ilijaribu kukifufua, lakini haikudumu. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kundi la kampuni za familia ya Rai kwa shilingi milioni 900, kikapewa jina la Rai Paper. Katikati ya mwaka 2009 na 2016 ni miaka 7. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza kiwanda kilipofungwa alikuwa amefika darasa la nane. Waliokuwa wafanyakazi walikaa miaka mingi wakidai haki zao.

Kikundi kisome mfano huu pole pole. Walioanguka vibaya hawakuwa wale wenye mshahara mdogo peke yao. Walikuwa wale ambao kila kitu chao kilisimama juu ya nguzo moja: mshahara, nyumba, mkopo, karo, hata duka la mke lililotegemea wateja wa kiwanda. Nguzo ilipotoka, vyote vikaanguka siku moja.

8. Kuna wanaofanya kazi ya kampuni bila kuajiriwa

Msidhani somo hili ni la walioandikwa tu. Kwa miaka mingi wakulima wa Bungoma, hasa upande wa Malakisi, walilima tumbaku kwa mkataba na BAT, ambayo makao yake makuu yako London. Kampuni inatoa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo. Mkulima anatoa shamba, kuni za kukaushia, mikono yake na ya mke na watoto. Siku ya kuuza, kampuni ndiyo inayopima uzito, ndiyo inayosema jani hili ni daraja gani, ndiyo inayokata deni lake kwanza. Kinachobaki ndicho chako.

Tena anayeshika majani mabichi ya tumbaku yenye unyevu anaweza kuugua: kichwa kinazunguka, anatapika, anaishiwa nguvu. Sumu ya jani inapita kwenye ngozi. Kampuni haina jukumu la mwajiri kwa huyo mkulima, maana kwenye karatasi yeye si mfanyakazi, ni mfanyabiashara. Mkataba wa kilimo wowote, uwe wa tumbaku, miwa au mboga za kwenda Ulaya, uulizwe maswali yale yale: nani anapanga bei, nani anapima, na hasara ya mvua ni ya nani?

PIMA

1. Kanisa linasema nini?

Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika barua inayoitwa Rerum Novarum. Ulaya wakati huo ilikuwa imejaa viwanda, na wafanyakazi waliteseka. Papa alifundisha kwamba mshahara unapaswa kumtosha mtu aishi kwa heshima, na kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika Laborem Exercens. Humo alifundisha kwamba mtu anayefanya kazi ana thamani kuliko fedha na mashine. Na mwaka 2025 Papa mpya alipochagua jina la Leo wa Kumi na Nne, alieleza kwamba alimkumbuka yule Leo wa barua ya wafanyakazi, kwa sababu hata leo mashine mpya zinabadilisha kazi za watu.

Katika Maandiko someni Kumbukumbu la Sheria 24:14-15 na Yakobo 5:1-6. Mungu anasikia kilio cha kibarua aliyezuiliwa ujira wake. Hasemi kwamba anasikia kama kibarua ni wa kabila fulani ama kama tajiri ni wa nchi fulani. Kwa hiyo mfanyakazi anayedai haki yake kwa njia ya haki si mkorofi wala hana utovu wa shukrani.

2. Mahakama za ng'ambo zilisema nini?

Wafanyakazi wa Kericho na jamaa zao, 218 kwa jumla, walikwenda mahakamani London kuhusu yale mashambulizi ya baada ya uchaguzi wa 2007. Waliishtaki Unilever, kampuni mama, kwamba haikuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliwakatalia. Ilisema kampuni mtoto ya Kenya ndiyo iliyokuwa ikijiendeshea mambo hayo, si mama.

Lakini mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza kesi nyingine, ya wanakijiji 1,826 wa Zambia waliosema maji yao yamechafuliwa na mgodi wa shaba ulio chini ya kampuni mama ya Vedanta. Mahakama ikasema wanaweza kushtaki Uingereza. Mwaka 2021 kesi hiyo ikamalizwa kwa makubaliano.

Kwa hiyo mlango wa ng'ambo haujafungwa kabisa, lakini ni mwembamba, ni wa gharama, na unachukua miaka. Mlango wa karibu ni sheria ya Kenya. Kampuni ikitoka mwezini, ikifika Kenya inafuata sheria ya Kenya.

3. Sheria ya Kenya inasema nini?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema, kati ya mambo mengine:

(a) Kazi inayofika miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi.
(b) Kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi mmoja, sheria inamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi. Ndiyo maana wengine huachishwa siku chache halafu huitwa tena. Andikeni tarehe hizo.
(c) Kuna siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kila mwaka.
(d) Mama aliyejifungua anapata miezi 3 kwa mshahara kamili. Baba anapata wiki 2.
(e) Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima awe na kanuni iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kimapenzi, na awaeleze wafanyakazi.
(f) Makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara.
(g) Kazi ikipunguzwa, kila aliyepunguzwa apate notisi ya mwezi mmoja ama malipo yake, na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi.
(h) Mfanyakazi anayeondoka apewe cheti cha kazi aliyofanya.

Ukiumia kazini kuna sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007, ile inayojulikana kama WIBA. Mwambie mwajiri mara moja, na dai lako lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Ukikaa kimya mwaka mzima ukingoja huruma ya meneja, haki inaweza kupotea.

TENDA

1. Tufanye hesabu pamoja

Mwekahazina achukue ubao. Tuseme Nekesa ameandikwa kwa mshahara wa 15,000 kwa mwezi.

NSSF, 6 kwa mia: 900.00
Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, 2.75 kwa mia: 412.50
Ushuru wa nyumba, 1.5 kwa mia: 225.00
Jumla ya makato: 1,537.50
Kinachobaki mkononi: 13,462.50

Mwajiri naye anaongeza 900 za NSSF na 225 za nyumba kutoka mfuko wake. Sasa tuseme Nekesa analipa chumba 3,000, chakula 5,500, nauli na sabuni 1,000. Jumla 9,500. Anabaki na 3,962.50. Akiahidi kutuma nyumbani 6,000 kila mwezi, amewadanganya wazazi, au ataishi kwa mkopo wa simu. Familia ijue ukweli huu kabla hajapanda matatu.

Sasa hesabu ya pili. Nekesa amefanya kazi miaka 8 kamili, na kampuni inapunguza watu. Tukigawa 15,000 kwa siku 30, siku moja ni 500. Siku 15 ni 7,500. Mara miaka 8 ni 60,000. Notisi ya mwezi ni 15,000. Jumla 75,000, mbali na likizo ambazo hakuenda. Akiitwa ofisini aambiwe, "Chukua elfu kumi, weka sahihi hapa," atajua kwamba anauza ng'ombe kwa bei ya kuku. Lakini atajua tu kama hesabu hii ameifanya mapema.

2. Karatasi ndiyo mdomo wako

Anayeamua yuko mbali, hakujui, hakuoni. Karatasi ndiyo inayokusemea. Kila mfanyakazi atunze: nakala ya mkataba, karatasi za mshahara za kila mwezi, namba ya NSSF, barua zote, na daftari la siku alizofanya kazi. Mara moja kwa mwaka aangalie NSSF kama makato yake yamefika kweli, maana kukatwa si kupelekwa. Asome kwa makini jina lililo kwenye mkataba: ni la kampuni, ama ni la ajenti? Na asiweke sahihi kwenye karatasi asiyoielewa. Aombe kwenda nayo, amwonyeshe mtu anayesoma.

3. Mtu asiwe peke yake

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wafanyakazi wa chai na maua wana chama chao cha wafanyakazi wa mashamba, kinachojulikana kama KPAWU. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Kijana akifika kazini, aulize mwakilishi wa chama ni nani. Shida ikizidi, kuna ofisi ya leba Kitale na Bungoma, na kupeleka malalamiko huko si kwa malipo. Ikishindikana kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Msikae sana: kesi ya ajira ina muda wake wa miaka 3.

Binti akidaiwa mwili, asinyamaze na asitupiwe lawama nyumbani. Aende hospitali mapema, aende polisi, na awaambie watu anaowaamini. Wazazi, msimrudishe kwa maneno ya "vumilia, kazi ni ngumu kupata". Kazi ya namna hiyo si kazi.

4. Kikundi kifanye nini?

Tunapendekeza mambo matano. Mjadili, mrekebishe, muandike kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, kikundi kisitoe mkopo wa kununua kazi. Anayesema "toa elfu ishirini nikuingize kampuni" ni mwizi wa pesa yenu. Mkopo uwe wa nauli, godoro na chakula cha mwezi wa kwanza. Mzazi au ndugu awe mdhamini, na urudishwe kwa miezi mitatu au minne.

Pili, kusiwe na kuuza shamba kwa ajili ya kwenda kazini. Shamba kidogo likodishwe kwa msimu kama lazima, lakini lisiuzwe. Mshahara unaisha, shamba linangoja.

Tatu, katibu awe na daftari la walioko kazini. Aandike jina la mtu, jina la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba, jina la ajenti kama yupo, tarehe aliyoanza, na namba ya simu ya mtu wa karibu kazini. Nakala za karatasi zake zikae nyumbani kwa mtu mwaminifu. Nyumba ya kampuni ikiungua, karatasi zipo.

Nne, aliyeko kazini abaki mwanachama. Alipe akiba yake hata kama ni 200 kwa mwezi kwa simu, na zamu yake ya meri-go-raundi isirukwe. Siku kampuni ikifungwa, ana mahali pa kurudi akiwa mwenye hisa, si mwombaji.

Tano, kila nyumba yenye mtu wa mshahara iwe na nguzo ya pili ambayo haitegemei kampuni ile ile: kuku, ng'ombe mmoja wa maziwa, mboga, cherehani. Kumbukeni duka la Webuye lililokufa pamoja na kiwanda kwa sababu wateja wake wote walitoka kwa geti moja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu ni nani wana watu wanaofanya kazi kwa kampuni kubwa? Je, tunajua mwajiri wao kwa jina?
2. Nani kati yetu aliwahi kufanya kazi Webuye, Kericho, Naivasha au kulima kwa mkataba? Atueleze mazuri na mabaya, bila kuficha.
3. Mzee mmoja anasema, "Kampuni ilitusomeshea watoto." Mwingine anasema, "Kampuni ilitumaliza." Je, wote wawili wanaweza kuwa wasema kweli? Kwa nini?
4. Moshi ulipokula mabati ya Webuye, watu walisema ndio ugali wetu. Sisi hapa kwetu tunavumilia nini kwa sababu ya ugali?
5. Ikiwa kampuni anakofanya kazi kijana wetu itafungwa mwezi ujao, ana karatasi gani, akiba gani, na nguzo gani ya pili?
6. Ni pendekezo gani kati ya yale matano tutaanza nalo mwezi huu? Nani atalisimamia?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwenye mtu kazini ampigie simu na kumwuliza mambo matatu tu: jina lililo kwenye mkataba wake, namba yake ya NSSF, na tarehe aliyoanza kazi. Katibu ayaandike kwenye daftari jipya. Asiyepata majibu yote matatu asione aibu, aseme kwenye mkutano. Huyo ndiye ambaye kikundi kitaanza kumsaidia.